Daraja Lililokataa Moto

Mtu akikwambia kwamba hakuna chuma ambacho Msumeno hakuwahi kukikata, usimbishie. Alikata mabasi yaliyokufa, akakata matangi ya mafuta, akakata boila za viwanda vilivyofungwa, akakata hata meli moja nzima, kuanzia omo hadi tezi, mpaka ikabaki rundo la mabamba ya kupakia kwenye malori. Alikuwa fundi wa kukata vyuma kwa gesi, na jina la Msumeno alipewa na wenzake wa karakana kwa sababu, walisema, bwana huyu hukata mbele na nyuma, haangalii sura. Mkewe, Mama Pacha, alikuwa na lake la kuongeza. "Hukata vyote," alizoea kusema, "isipokuwa maneno. Akianza kusimulia, mtalala na njaa."

Mashati yake yote yalikuwa na vitundu vya cheche kama chekeche. Nyusi zake ziliungua na kuota na kuungua tena mara nyingi hata zikachoka, zikabaki vinyweleo vichache tu. Nyumba yao ilikuwa nyuma ya gereji, vyumba vitatu vyenye sakafu ya saruji, na katika chumba cha mbele, kile chenye dirisha la kuangalia njia, alilala mama yake. Bibi huyo magoti yalikuwa yamemsaliti, lakini masikio na ulimi vilikuwa vizima kabisa. Ujanani alikuwa dobi wa hoteli moja ng'ambo ya mto, na mwanawe alimlea kwa kufua mashuka ya watu.

Hakuwa mtu mbaya, Msumeno, wala hakuwa mtu wa kujuta. Chuma kikizeeka hukatwa, kikikatwa huyeyushwa, kikiyeyushwa huwa kitu kingine. Ndivyo alivyoiona dunia. Katika miaka yote ile hakuwahi kujiuliza ni nani aliyekiunda kitu alichokuwa akikiteketeza. Angejiulizaje, na lori linasubiri?

Basi ikawa mji umeamua kulivunja Daraja la Matofali.

Hilo lilikuwa daraja fupi, nene, la sura mbaya, lililovusha barabara kutoka sokoni kwenda kwenye maghala ya zamani. Kila mtu alilijua na hakuna aliyelitazama. Malori ya siku hizi yalikuwa hayapishani juu yake. Dereva mmoja alilazimika kurudi nyuma huku mwenzake akimtukania ukoo. Palitakiwa daraja pana la zege, na kampuni iliyopewa kazi ilimweka msimamizi mmoja ambaye vibarua walimbandika jina la Chapchap, kwa kuwa hilo ndilo neno lililomtoka kinywani kuliko salamu. Chapchap alitaka daraja la zamani liwe limeondoka kabla mvua hazijaanza, na hapo hakuwa na kosa. Mto ukijaa, hakuna kazi.

Walibandua lami. Wakashuka na mashine za kutoboa, wakaanza kuyabomoa matofali ya ubavuni. Nyuma ya matofali, badala ya kokoto na udongo waliotegemea, waliona chuma. Chuma cheusi, kinene, kimepinda kutoka ukingo mmoja hadi mwingine kama mbavu za mnyama mkubwa aliyelala kifudifudi.

"Boriti za zamani hizo," alisema Chapchap. "Mwiteni Msumeno."

Msumeno akaja na mitungi yake, akateremka kwenye jukwaa la mbao lililotandazwa juu ya maji, akavaa miwani ya giza, akawasha. Alichagua ubavu wa kwanza, mahali pembamba, akaulenga moto kama alivyolenga mara elfu.

Chuma kikakataa.

Hakikukatika kwa mstari kama bamba la meli. Kilitema cheche huku na huku, kikavimba, kikatoa ute mweusi uliochuruzika kidogo na kuganda pale pale. Aliongeza hewa. Kikatema zaidi. Akapunguza, akabadilisha mdomo wa bomba, akajaribu kwa pembeni. Hakuna. Akazima moto na kuvua miwani.

"Kuna nini huko?" aliita Chapchap kutoka juu.

"Kinanitemea mate, bosi."

Vibarua wakacheka. Yeye hakucheka. Alichukua brashi ya waya akasugua pale alipotaka kukata, kisha akapangusa kwa kitambaa chenye mafuta. Ndipo alipoona kitu kilichomfanya asogeze uso karibu, kisha arudi nyuma, kisha asogee tena. Kwenye uso wa chuma kulikuwa na nyuzi za mbao. Mistari myembamba, iliyokwenda sambamba kama ya ubao uliopigwa randa, ikafika mahali ikalizunguka fundo, lile jicho la mbao ambapo tawi liliwahi kuota, halafu ikaendelea na safari yake. Alidhani amekosea, kwamba hii ni mbao iliyopakwa rangi. Akakwaruza kwa tupa. Ikang'aa kijivu. Chuma kitupu.

Akaendelea kupangusa kufuata ubavu ule mpaka ulipokutana na nguzo. Alitafuta ribiti, hakuziona. Akatafuta bolti, hakuona. Alichokiona ni ulimi wa chuma umeingia kwenye tundu la chuma, na pembeni yake imegongomelewa kabari, sawasawa na seremala anavyounga mguu wa meza. Akaenda kwenye kiungo cha pili. Ulimi, tundu, kabari. Cha tatu vilevile. Daraja zima lilikuwa limeshonana hivyo, bila msumari mmoja, na lilikuwa limebeba malori hadi juma lililopita.

Akafunga gesi, akayakunja mabomba yake.

Chapchap hakuwa na muda wa viungo vya seremala. Aliposikia kwamba moto umeshindwa, alisema, "Chuma cha namna hiyo nakijua. Kigumu lakini hakinyumbuki. Ukikipiga kinapasuka kama kigae. Leteni kreni na lile dude la kupondea." Naye alisema kweli. Chuma kile kingepasuka.

Kreni iliendeshwa na mtu mrefu, mwembamba, mwenye shingo isiyokwisha, aliyeitwa Korongo kwa sababu ya mashine yake na kwa sababu ya shingo yake. Yeye na Msumeno walikuwa marafiki wa siku nyingi. Alikuwa tayari amekwishapanda kwenye kibanda chake, na lile tufe zito la chuma linaning'inia juu ya mto, Msumeno alipotokea chini ya dirisha akampungia mkono.

"Korongo! Kwanza teremka, njoo uone kitu."

"Kaka, nikiteremka Chapchap atanipandisha kwa teke."

"Teremka. Ukishaona, kama utaweza kupiga, piga."

Korongo akazima mashine, akateremka kwa kunung'unika, akakunja miguu yake mirefu kupita chini ya ubavu wa chuma. Msumeno hakumweleza lolote. Alimshika tu mkono, akauweka pale penye nyuzi za mbao. Kisha akamwonyesha kiungo kimoja, na cha pili, na cha tatu. Jua lilikuwa limeanza kuingia kupitia matofali yaliyobomolewa, na kwa mara ya kwanza mbavu zote zilionekana kwa pamoja, moja nyuma ya nyingine, zimepinda kwa mpindo mmoja, kimya, kana kwamba hazikuwa na habari kwamba zilikuwa zimezikwa.

Korongo alivua kofia ya kazi. Hakuna aliyemwambia aivue.

"Ndugu yangu," alisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliye mahali pa ibada, "mimi hii siipigi."

Zogo lililofuata lilisikika hadi sokoni. Chapchap alifoka, akatupa kofia chini, akaiokota, akawaita wavivu, akawaita wachawi. Korongo alisimama amefunga mikono na kumtazama kutoka juu kwa urefu wake wote. Mwishowe Chapchap akampigia simu injinia wa kampuni ili aje awatie adabu.

Injinia alikuwa mwanamke kijana, umri wa pacha wa Msumeno, mabinti ambao sasa walikuwa na nyumba zao. Alikuja na buti za mpira na haraka ya mtu mwenye shughuli nyingine tatu. Alisalimia, akashuka, akainama chini ya ubavu wa kwanza. Akakaa huko. Walimsubiri atoke, hakutoka. Alipotoka, magoti ya suruali yake yalikuwa yamelowa tope na macho yake yamelowa pia.

"Nani amesimamisha kazi?" aliuliza.

Chapchap akawanyooshea kidole wale wawili, akiwa na hakika kwamba sasa watakiona.

"Ahsanteni," alisema Injinia. "Ahsanteni sana, wazee wangu."

Akaketi pale pale juu ya rundo la matofali akawaeleza, na alieleza vizuri, kama mtu anayewapa wenzake zawadi. Hili, alisema, lilikuwa daraja la reli. Lilijengwa wakati treni yenyewe ilikuwa kitoto kinachotambaa, injini ndogo yenye bomba refu, inavuta vitoroli vya makaa mwendo wa mtu anayekimbia. Baadaye injini zikanenepa. Wakubwa wakaogopa kuzipitisha hapa, wakahamishia njia ya reli kwingine, na daraja wakaliachia watu na mikokoteni. Kisha mtu fulani akaona chuma kinashika kutu na kinatisha, akaamuru lizungushiwe matofali, juu limwagwe kifusi na lami. Waliojua wakafa. Waliobaki wakajua matofali.

"Na hizi nyuzi za mbao?" Msumeno aliuliza. Hilo ndilo lililomkaa rohoni.

"Chuma hiki hakikufuliwa kwa nyundo, fundi. Kilisubiwa. Kwanza seremala alichonga ubavu mzima kwa mbao. Wakaukandamiza kwenye mchanga wenye unyevu, wakautoa taratibu, pakabaki shimo lenye umbo lake. Wakamimina chuma kilichoyeyuka. Mchanga ulishika kila kitu cha ule ubao, na chuma kikashika kila kitu cha ule mchanga."

"Kwa hiyo mti wenyewe..."

"Mti wenyewe uliisha zamani. Aliyeuchonga pia. Unaoushika ni uso wake."

Msumeno alitazama vidole vyake.

"Na kwa nini waliunga kama maseremala?" aliuliza Korongo.

Injinia alitabasamu. "Kwa sababu walikuwa maseremala. Na waashi. Fikirieni. Hapakuwa na fundi wa madaraja ya chuma, kwa kuwa hapakuwa na madaraja ya chuma. Labda walikuwa wamesikia kuna moja mahali fulani, labda hawakusikia hata hilo. Walitakiwa kupitisha juu ya mto kitu kizito kuliko kitu chochote walichokuwa wamewahi kukiona kikitembea, na hawakuwa na mtu wa kumwuliza."

Maneno hayo ya mwisho Msumeno alikwenda nayo nyumbani. Hakula vizuri. Mama Pacha, aliyekuwa amezoea mumewe arudi na visa vya kujaza chumba, alimtazama akikoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha yeyuka zamani.

"Baba Pacha, unaumwa?"

"Hapana."

"Umefukuzwa?"

"Bado."

"Basi sema. Ukinyamaza wewe tunaogopa kuliko ukisema."

Akasema. Alieleza kuhusu moto uliokataa, na mbao ndani ya chuma, na watu wasiokuwa na wa kumwuliza. Alieleza vibaya, kwa kurukaruka, na hakutia chumvi hata chembe. Mama yake, aliyekuwa akisikiliza kutoka chumba cha mbele, aliita, "Daraja lipi hilo?"

"La Matofali, mama."

"Acha uongo. Daraja lile nimelipita na mafurushi kichwani tangu hujazaliwa. Lile ni tofali na mavi ya punda."

"Ndani yake, mama. Lilikuwa ndani yake."

Miezi iliyofuata ilikuwa ya mabishano. Walikuja watu wa ofisi, wakaja wanahistoria na kamera, wakaja wenye maduka waliokuwa na hasira ya haki, maana malori yalikuwa yakizunguka mbali na bidhaa zao zinachelewa. Wapo waliosema kutu ni kutu hata iwe na umri wa kumkumbuka babu. Mama mmoja muuza mboga alimwuliza Injinia mbele ya watu, "Mwanangu, hicho chuma kitanivushia nyanya?" Injinia hakumdharau. Alimjibu kwamba nyanya zitavuka, na chuma kitabaki, ila wapewe nafasi ya kufikiri.

Mwisho wa yote likapatikana jambo la kati. Daraja pana la zege lijengwe palepale. La chuma lifunguliwe kipande kwa kipande, lisikatwe popote, lisafishwe, kisha lisimamishwe upya juu kidogo, upande mto unakotoka, pale ambapo njia ya reli ya zamani ilikuwa na tawi lake, ili watu wa miguu walipite na kuliona. Mvua zikanyesha, zikapita. Hata Chapchap akapewa kazi ya msingi mpya, akasema potelea mbali, mradi iende chapchap.

Injinia akaja hadi gereji kumtafuta Msumeno.

"Fundi, nakuhitaji kwenye kufungua."

"Mama, mimi kazi yangu ni kukata. Kufungua sijui."

"Sisi sote hatujui. Hakuna aliyewahi kulifungua. Tutajifunza pamoja. Ila sharti moja." Akainua kidole. "Hakuna moto."

Mama Pacha alicheka mpaka akashika ukuta. Msumeno bila moto! Ni kama kumwajiri jogoo na kumkataza kuwika.

Lakini alikwenda. Jukwaa zito lilijengwa chini ya mbavu ili lizipokee, na kazi ikaanza kwa kabari. Hazikutaka kutoka. Walizinywesha mafuta, wakangoja, wakazigonga kwa nyundo ya shaba ambayo haijeruhi, wakazinywesha tena. Msumeno, ambaye alizoea kumaliza basi zima kabla ya chakula cha mchana, sasa alishinda kwenye kabari moja kama mtu anayembembeleza mtoto aache kulia. Alijifunza kusikiliza. Kabari iliyokamata ililia kwa sauti kavu, tii, tii. Iliyokaribia kuachia sauti yake ilishuka, ikawa nzito. Ya kwanza ilipoteleza na kuangukia kiganjani mwake, ikiwa safi ng'aring'ari upande uliokuwa umejificha, mafundi wote walipiga kelele kana kwamba timu yao imefunga goli.

Na humo, ndani ya viungo, ndimo walimokuta jambo ambalo hata Injinia hakulitarajia. Kila ulimi ulikuwa na alama iliyochongwa kwa patasi, na kila tundu lilikuwa na alama ya mwenzake. Mistari miwili kwa mistari miwili. Msalaba kwa msalaba. Mwezi mwandamo kwa mwezi mwandamo. Wajenzi wale hawakuwa na vipimo vya kufanya vipande vyote vifanane, hivyo kila kiungo walikikwangua kwa mkono mpaka kikamkubali mwenziwe, wakakitia alama ili kisipotezane naye. Ulimi wa mwezi haukuingia kwenye tundu la msalaba. Walijaribu. Ulikataa katakata.

"Wameoana hawa," alisema Korongo, akikiteremsha kipande kwa kreni taratibu kama mtu anayeweka yai.

Msumeno alikuwa ameweka kidole kwenye ule mwezi mdogo, akiwaza juu ya mtu aliyeuchonga ilhali anajua kwamba kiungo kikifungwa hakuna jicho litakalouona tena.

Baada ya kusafisha walikuta ubavu mmoja una ufa, mrefu kama mkono kuanzia kiwiko hadi vidoleni. Pengine ulipasuka enzi za injini zilizonenepa. Kuuchomelea haikuwezekana, kwa kuwa joto lingeuendeleza. Injinia alimleta fundi wa mitambo kutoka mji mwingine, mtu mpole aliyevaa aproni, ambaye alitoboa matundu madogo kukatiza ufa, akapigilia humo vibanzi vya chuma vyenye umbo la shanga zilizoungana, kimoja baada ya kingine, vikaubana ufa ukafumba. Bila moto. Alimpa Msumeno nyundo amalizie nusu iliyobaki, akasimama nyuma yake akimtazama. Jioni hiyo Msumeno alirudi nyumbani akamwambia mkewe kwamba leo ameshona chuma.

"Umeshona?"

"Nimeshona. Kwa mkono."

"Basi hayo mashati yako yenye matundu," alisema Mama Pacha, "anza nayo kesho."

Kusimamisha kulikwenda vizuri kuliko walivyoogopa, ubavu kwa ubavu, alama kwa alama, hadi kikabaki kipande kimoja, kile cha katikati juu kabisa, kinachofunga yote. Watu walikusanyika ukingoni. Korongo alikileta mchana, jua la utosi, akakishusha kwenye nafasi yake. Hakikuingia. Kilibaki nje kwa unene wa kucha. Walikiinua, wakakagua alama. Alama zilikuwa sahihi. Wakakishusha tena. Ng'o. Mtu mmoja akaleta tupa, akasema apunguze kidogo tu.

"Usiguse!" walisema Injinia na Msumeno kwa pamoja, wakatazamana.

Injinia aliweka kiganja kwenye ubavu akakiondoa upesi. Ulikuwa moto wa kuunguza. "Jua," alisema. "Chuma chote kimevimba. Nafasi imejibana. Tungoje hadi asubuhi."

Hakuna aliyependa kungoja. Lakini kulipopambazuka walikuwepo wote, makoti yamefungwa hadi shingoni, ukungu umekaa juu ya maji. Chuma kilikuwa baridi na kimelowa umande. Korongo akashusha kipande kile polepole, polepole, na Msumeno alikiongoza kwa vidole viwili tu. Kikafika mdomoni mwa tundu. Kikasita. Halafu kikazama chenyewe, kwa uzito wake, kikatoa sauti moja ndogo ya kuridhika, tok, na mbavu zote zikaipokea sauti hiyo zikaipeleka hadi ng'ambo ya mto.

Hakuna aliyeshangilia safari hii. Walisimama tu. Msumeno baadaye alijaribu kumweleza mkewe alichokisikia kifuani, akashindwa, na kwa mtu kama yeye kushindwa kusema lilikuwa jambo zito. Alisema tu kwamba alihisi wale watu wa kale walikuwa hapo, wamesimama na wao wakingoja kuona kama kitaingia. Nao pia, siku yao, lazima walifika asubuhi.

Siku ya majaribio walitandika reli juu yake, wakaweka behewa la zamani lililojaa mawe, wakalivuta kwa winchi. Chapchap alikuja kutazama, akasimama mbali na mikono nyuma. Chini ya katikati ya daraja Injinia alikuwa ameweka kipimo chenye mshale. Behewa lilipopanda, chuma kilitoa mlio kama mtu anayejinyoosha baada ya usingizi mrefu. Mshale ukashuka kidogo. Behewa likapita. Mshale ukarudi palepale ulipokuwa.

"Limeshuka likapanda," alisema Msumeno, macho yamemtoka. "Limepumua!"

"Madaraja yote hupumua," Injinia alimwambia. "Hili halijasahau."

Chapchap aliondoka kabla ya wengine. Ila walimwona akipita juu ya daraja kwa miguu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake, mwendo wa pole.

Msumeno hakuacha kukata. Mtu ana familia. Lakini siku hizi hawashi moto kabla hajakizunguka kitu na kukipangusa, na vijana wa karakana humtania kwamba ameanza kupiga hodi kwa vyuma. Mara mbili Injinia amemwita kwenda miji mingine kufungua viungo vya kale. Huenda na nyundo yake ya shaba imefungwa kwenye taulo.

Mama yake alikaa muda mrefu akikataa kwenda kuliona daraja. Alisema amelipita vya kutosha. Kisha alasiri moja akasema nipelekeni, lakini sitaki juu. Nataka chini. Kwa hiyo Msumeno na Korongo walimbeba kwenye kiti chake, mmoja mbele mmoja nyuma, wakateremka naye kwenye nyasi za ukingoni, naye akiwatukana kila walipoteleza. Wakamweka chini ya mbavu, akainua uso.

Mwanga wa majini ulikuwa unachezacheza kwenye chuma, kwenye zile nyuzi za mbao, unaingia kwenye viungo na kutoka. Mwanawe alitaka kumweleza kuhusu seremala, na mchanga, na alama za mwezi, lakini bibi alimwinulia kiganja.

"Hawa watu," alisema baadaye, "walinibeba miaka yote ile na mashuka yangu, nami sikuwaambia hata ahsante."

Korongo alikohoa, akageukia mtoni. Msumeno aliuliza kama wampandishe sasa, jua linashuka, na miguu itamuuma.

"Niacheni kidogo."

Watoto wa shule walikuwa wanarudi makwao. Walipita juu yao mbio, mabegi yakiwadunda migongoni, na chuma kikaitikia kila hatua. Bibi akafumba macho akasikiliza, mkono wake mmoja umeinuka kwenye nguzo iliyo karibu, kiganja chake kikavu cha udobi kikiipapasa taratibu kutafuta nyuzi.